Korona ya Sifuna

Kamati ya mazishi ilikaa Jumatano asubuhi sebuleni kwa marehemu, mtaa wa Tuwan, Kitale, na kabla chai haijapoa ilikuwa imeshaamua kwamba Sifuna alikufa kwa Korona. Daktari hakuwepo. Hakuitwa. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa kusimamia chakula. Daktari angekuja kufanya nini?

Mwenyekiti alikuwa Wepukhulu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyewasili kutoka Bokoli asubuhi hiyo akiwa amevaa koti la suti juu ya sweta. Alikohoa, akamgeukia mjane.

"Mama Viola, sikiriza vizuri. Bwana yako arikuwa na Kolona. Ilimshika Jumapiri, Jumanne ikammariza. Umesikia?"

Nakhungu alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, leso begani. Jumanne ni yeye aliyemkuta mume wake. Ni yeye aliyepiga mayowe mpaka majirani wakaja, na ni yeye aliyeulizwa na askari, mbele ya majirani hao hao, kama usiku huo alikuwa amemnyima mzee chakula.

"Lakini mzee, hapa plot nzima walimwona," alisema.

"Watu wa Kitare walimwona. Bokori hawakumwona. Tunazika Bokori."

Hapo mweka hazina akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana hoja ilikuwa nzito.

Ajabu ya Mungu, mwaka 2020 shangazi yao alikufa kwa Korona, ile yenyewe, na Wepukhulu huyu huyu aliapa mbele ya chifu kwamba ni pumu tu. Watu wa ovaroli nyeupe walikuja hata hivyo, wakamzika mama wa watu mbiombio, na kwa mwaka mzima mwenye duka pale Bokoli alikuwa akiitupa chenji ya Wepukhulu juu ya kaunta badala ya kumpa mkononi. Sasa ni 2022, Korona imepandishwa cheo. Imekuwa ugonjwa wa watu wenye heshima zao. Ukiwa na bahati, unakufa nao.

Sababu ya kupandishwa cheo ilikuwa moja. Katika ukoo ule, mtu aliyejiua hazikwi karibu na baba zake. Anawekwa kando, kwenye ua wa mpaka wa shamba, bila wimbo, bila maombi, na kumlilia ni marufuku. Tena jina lake linafungwa: hakuna mtoto atakayeitwa kwa jina hilo tena. Na Viola, binti wa pekee wa Sifuna, alikuwa na mimba ya miezi saba. Nakhungu alikuwa ameshamwambia kila mtu pale Tuwan kwamba akizaliwa mvulana, huyo ni Sifuna mdogo.

Wepukhulu alijua hilo. "Mtoto wa Viora ataitwa nani?" aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia tu hali ya hewa.

Nakhungu akanyamaza. Alitaka mume wake azikwe kwa wimbo, karibu na baba yake, na mjukuu apate jina. Zaidi ya hayo hakuwa na nguvu ya kutaka kitu. Kamati ilikihesabu kimya chake kuwa kura ya ndiyo.

Ikabaki shida ndogo tu ya vifaa. Uongo mzuri unataka vifaa. Kama ni Korona, basi lazima kuwe na barakoa, na barakoa hakuna aliyeivaa tangu mwaka uliopita. Zilizokuwa nyumbani zilikuwa zimeshatumika kuchujia maziwa. Aliyetumwa kutafuta alikuwa Derrick, kitinda mimba wao, mwalimu kutoka Kanduyi. Tuseme aliyekuwa mwalimu. Shule ya binafsi aliyofundisha ilifungwa wakati wa Korona, mwenye shule akaigeuza banda la kuku, na inasemekana kuku wale wamefanya vizuri kuliko darasa la nane. Derrick alizunguka Kitale mchana kutwa, akachekwa kwenye duka la dawa la kwanza na la pili, la tatu wakampa katoni iliyokuwa imeota vumbi wakamwambia ashukuru. Alirudi akaiweka mezani bila neno.

"Huyu kijana ametulia sana," mweka hazina alimsifu. "Ameshika msiba kiume."

*

Ijumaa walimpeleka Sifuna nyumbani. Ukitoka Kitale kwenda Bokoli, mtu ambaye hana la kufanya ndani ya gari anaweza kuhesabu matangazo ya vifo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima. Wanaume tu, wenye nguvu zao, waliotabasamu kwenye picha za harusi. Na ugonjwa wao ulikuwa wa ajabu, ulibadilisha jina kila stendi. Kitale walikufa kwa presha. Kiminini ilikuwa moyo. Kamukuywa, vidonda vya tumbo. Misikhu walikuwa wanyenyekevu zaidi, waliandika tu "baada ya kuugua kwa muda mfupi", na kweli ulikuwa muda mfupi mno. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba janga limekwisha, na wananchi watiifu wakaona si vizuri kuibishia.

Nakhungu alisoma matangazo hayo yote, moja baada ya jingine, mpaka macho yakamuuma. Alikuwa akiufanyia mazoezi uongo wake mwenyewe: Jumapili ikamshika, Jumanne ikammaliza.

*

Mazishi yalikuwa Jumamosi, na hakuna atakayesema hayakufana. Hema kubwa lilikuwa la marehemu mwenyewe. Yaani lilikuwa lake. Sifuna alikuwa mtu wa kukodisha mahema, viti na spika kwa harusi na matanga. Mikutano ilipopigwa marufuku, aliuza kimoja kimoja kwa mshindani wake ili nyumbani wapate kula. Sasa mshindani alikuwa amelileta hema kwa bei ya rafiki, na bei hiyo ilikuwa ya juu kuliko ya adui, na pembeni maandishi SIFUNA EVENTS yalikuwa bado yanasomeka. "Angalau ameagwa chini ya hema lake," watu walisema, wakaona wamesema jambo la kufariji.

Getini palikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Wepukhulu alisimama hapo akiwahimiza watu wanawe, barakoa yake ikiwa kidevuni, na kila aliyeuliza alijibiwa kabla hajamaliza swali.

"Kolona, bana. Hii mpya. Kari sana."

Sasa sikiliza kosa lao. Walipokuwa wakiupanga uongo huu vizuri, hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa Korona huwa na mke, na mke huyo hulala naye kitanda kimoja. Bibi wa kamati ya chakula ndiye aliyekumbuka. Kama mzee alikuwa nayo, mama je? Kamati ikakutana wima, nyuma ya sufuria, na kwa sauti moja ikamweka Nakhungu karantini. Wakamtolea kiti cha plastiki, wakakiweka peke yake kwenye nyasi, upande wa pili wa jeneza, mbali na hema, pale ambapo kila mtu angemwona na hakuna ambaye angemgusa.

Akakaa hapo tangu asubuhi. Wanawake wa kwao walikuja wakilia na mikono imenyooshwa, wakakumbushwa, wakaikunja mikono yao wakampungia. Mama mmoja aliyejifungua naye katika wodi moja alimpungia kwa leso. Pauline, jirani wa Bokoli aliyefiwa na mume Januari, alimletea chai, akasita, kisha akaiweka chini kwenye nyasi hatua kadhaa kutoka kwake, akarudi nyuma akitazama chini kwa aibu. Nakhungu aliinuka akaifuata ile chai. Alipoinama kuiokota, mbele ya watu wote wale, ndipo alipotaka ardhi ipasuke. Kufiwa hakukumdhalilisha hivyo. Hata swali la askari halikumdhalilisha hivyo.

Chini ya hema askofu alikuwa ameanza. Askofu mwenyewe alikuwa na kanisa moja, lakini sauti ilikuwa ya makanisa arobaini. "Ugonjwa huu hauchagui!" alinguruma. "Ulichukua matajiri, ulichukua wakubwa, na sasa umemchukua ndugu yetu, shujaa, baba, mfanyabiashara!" Waliokuwa wakibadilisha njia wakimwona Sifuna, wasije wakaombwa mia mbili, walipiga makofi.

Wakati wa makofi hayo Derrick alitoka chini ya hema, akavuka nyasi mchana kweupe, akaenda kukaa chini karibu na kiti cha shemeji yake. Wepukhulu alimpigia ishara ya mkono. Derrick hakuiona, au aliiona.

"Rudi, Derrick," Nakhungu alisema. "Watanisumbua bure. Mimi niko karantini, huoni? Ati nina Korona ya Sifuna."

Derrick alikuwa ameondoa barakoa. Aling'oa unyasi, akauzungusha kidoleni.

"Basi mimi siogopi, shemeji. Hiyo ya Sifuna ninayo."

Nakhungu alidhani ni mzaha. Huwezi kukaa katikati ya upuuzi ule wote usifikiri ni mzaha. Akageuka amkemee, akauona uso wake.

"Umesema nini?"

"Hiyo Korona ya kaka. Iko na mimi tangu hizi shule zingine zifunguliwe na yetu ikatae. Silali. Nikila ni kama nakula mchanga. Bibi alirudi kwao na mtoto, sikumlaumu. Nikiwa peke yangu kwa ile nyumba Kanduyi..." Akaacha hapo. Askofu alikuwa ameanzisha wimbo, na Derrick akangoja ubeti uishe, mwalimu ni mwalimu. "Nilimwambia Wepukhulu mwezi jana kwamba nimechoka na kila kitu. Akaniambia nioe mwingine."

"Na mimi? Si ungeniambia mimi?"

"Wewe ulikuwa na Sifuna, shemeji. Mmoja alitosha."

Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wakiwatazama, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Kamati ilikuwa imepima umbali vizuri.

"Unajua nimekaa hapo nikiangalia," Derrick aliendelea, polepole, akitazama hema. "Angalia hiyo jeneza. Angalia askofu. Sifuna hakuwa anasalimiwa, saa hii wanapanga laini kumsifu. Hakuna mtu amekasirika. Hakuna mtu anauliza mbona. Wamesema ni ugonjwa, wamepika, jioni wataenda nyumbani. Nikasema, kumbe ni kitu rahisi hivi."

Hofu iliyomshika Nakhungu haikuwa na mfano, hata Jumanne hakuwa nayo, maana Jumanne alikuta mambo yameisha. Na juu ya hofu ikaja hasira: kwa Sifuna, kwa Wepukhulu, kwa ile ndoo getini, na kwa mdomo wake mwenyewe uliofungwa sebuleni siku ya Jumatano.

"Leo huendi popote," alisema. "Unasikia? Ukienda choo, nakuja hadi mlangoni."

"Shemeji, watu wataongea."

"Waongee. Leta mkono wako."

Akamshika. Chini ya hema mtu aliguna kwa sababu za kiafya.

*

Ratiba ikafika kwa mjane. Msema chochote, kijana mmoja mtanashati aliyekuwa amekodiwa pamoja na spika, alitangaza kwamba mama atatoa neno fupi, na akipenda awakumbushe watu kuhusu kunawa mikono. Maikrofoni ikapakwa sanitaiza, ikaletwa na mtu aliyenyoosha mkono wake wote kama anayelisha mbwa asiyemjua.

Nakhungu aliinuka. Hakumtazama Derrick, maana alijua akimtazama, watu mia tatu watafuata macho yake.

"Mimi ni Nakhungu, bibi ya Sifuna. Nimeambiwa niseme Korona. Korona ilikuja kweli, sisi wote tuliiona. Ilichukua mahema yake, ikachukua spika, ikachukua usingizi wake. Lakini yeye mwenyewe haikumchukua. Sifuna alijiua. Ni mimi nilimkuta."

Sufuria ziliacha kulia jikoni.

"Zima hiyo kitu!" Wepukhulu alipiga kelele kutoka getini. Mtu wa mitambo alikuwa ameshangaa mno, hakukumbuka swichi iko wapi.

"Nimemkasirikia. Nyinyi mnamsifu, mimi nimemkasirikia. Angeniamsha. Angenipigia kelele hata, tungegombana mpaka asubuhi, lakini angekuwa hai. Nilimpenda, na nitamlilia mtake msitake. Na kama kuna mtu mwingine hapa anasikia vile Sifuna alisikia, asije akaniambia ni Korona. Aseme. Awe nani, aje aseme. Nitakaa na yeye."

Hapo swichi ikapatikana. Ikafuata kelele ya watu wengi wanaonong'ona kwa pamoja. Simu ya askofu iliita kwa wakati mzuri kabisa. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akafunga Biblia, akakumbuka mazishi mengine Kimilili. Msema chochote aliuliza kama alipwe sasa.

Katika fujo hiyo Pauline alisimama. Alivua barakoa, akavuka nyasi bila kukimbia, akamkumbatia Nakhungu kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

"Yangu haikuwa presha," alimwambia sikioni. "Ya Januari. Mungu anisamehe, haikuwa presha."

Wengine hawakusimama. Wawili watatu waliinamisha vichwa wakaangalia viatu vyao kwa muda mrefu, na hao, kama ungetaka kuhesabu, ndio wa kuhesabu.

*

Wazee walikutana nyuma ya ghala la mahindi. Uamuzi haukuchukua muda, mila ilikuwa imeshauandika. Marehemu atapelekwa kwenye ua, pembeni, nyuma ya mikaratusi. Bila wimbo. Bila maombi. Asilie mtu. Na jina limefungwa.

Lakini kulikuwa na lile kaburi la kwanza, lililochimbwa karibu na baba yao, limesakafiwa vizuri kwa saruji. Kaburi lililo wazi halifungwi tupu, litaita mtu mwingine wa boma hilo. Kwa hiyo wakakata mgomba, wakaupunguza ukubwa ukatosha, wakaushusha ndani taratibu kwa kamba, na mzee mmoja akausemea maneno ya kuuaga. Mgomba ule ulizikwa kwa heshima zote, karibu na baba yake Sifuna. Wepukhulu alivua kofia.

Viola alimfuata mama yake nyuma ya jiko, tumbo mbele, macho yamevimba.

"Mama, umemzika babangu mara mbili," alisema. "Na mtoto wangu umemnyang'anya jina."

Nakhungu alitaka kumwambia habari za Derrick, akaona si zake kutoa. "Najua," alisema tu. Viola akageuka akaondoka, na jambo hilo liliuma kuliko yote ya siku ile.

Wachimbaji walikuwa wamekataa kuchimba shimo la pili. Walisema mapatano yalikuwa kaburi moja, tena la mtu wa Korona. Derrick akachukua jembe. Alivua shati la nje akabaki na la ndani, akachimba huko nyuma ya mikaratusi, kando ya jeneza lililokuwa limeshaletwa, na Nakhungu akakaa juu ya lile fungu la udongo, miguu imening'inia, hakumwacha. Pauline aliwaletea maji, akampa kila mmoja mkononi mwake.

"Shemeji, nenda ukale," Derrick alisema, akihema.

"Nitakula na wewe."

"Utanifuata hivi mpaka lini?"

"Jumatatu tunaenda Bungoma, hospitali. Tutaona daktari. Baadaye nitakufuata zaidi."

Derrick alichimba kidogo. "Na wakiniuliza naugua nini?"

"Utasema."

"Sasa nitaanzia wapi? Si afadhali niseme ni Korona?"

"Sema Korona," Nakhungu alisema, "uone vile nitakuchapa makofi mbele ya daktari."

Kicheko kilimtoka Derrick kabla hajajua kinatoka wapi, kicheko kibaya, cha puani. Akaegemea jembe. Mabega yakaendelea kutikisika, na Nakhungu akaona si kicheko tena. Akashuka ndani ya shimo na nguo zake za msiba, akamshika shati kwa mikono yote miwili.

"Kaka!" Derrick alilia. "Kaka yangu! Sifuna!"

Alilia kwa sauti yote ya mwalimu aliyezoea darasa la watoto sitini, na ilifika kwenye hema, ikafika getini. Wepukhulu alikuja mbio kumnyamazisha. Alifika ukingoni, akaangalia chini, akawaona wadogo zake wawili, mmoja ndani ya jeneza kando ya shimo na mmoja ndani ya shimo akiwa hai, na Nakhungu akamwinulia macho bila kumwachilia huyo aliye hai.

"Hata huyu, mzee," alimwambia. "Hata huyu."

Wepukhulu alifungua mdomo atoe amri. Ikatoka sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, na jikoni, waliposikia mwenyekiti wa kamati analia, wanawake nao wakaanza.